Kwenu Ni Wapi?

Leo nataka tulitazame swali moja dogo, swali la maneno matatu tu, ambalo kila mtu akaaye Mombasa ng'ambo ya kisiwa amekwisha kuulizwa mara nyingi kuliko awezavyo kuhesabu.

Panda feri ya Likoni asubuhi. Umebanwa huku na huku na watu wanaowahi kazini kisiwani. Huyu ana kikapu cha maembe, yule ameshika baiskeli, mwingine amefunga tai. Kabla feri haijafika upande wa pili utamsikia mtu akimwuliza mwenziwe waliyesimama naye bega kwa bega, "Kwenu ni wapi?"

Swali hili ni jema. Katika desturi zetu ni namna ya kumpa mgeni kiti. Akijibu, "Rabai," mwenziwe husema, "Aa, shangazi yangu ameolewa huko." Akijibu, "Siaya," huambiwa, "Nilifanya kazi bandarini na mzee mmoja wa Siaya, mtu mwema sana." Hapo wawili hao si wageni tena. Umekwisha kupatikana uzi wa kuwaunga, hata kama ni mwembamba. Lakini swali hilo hilo, kwa maneno hayo hayo matatu, limewahi kuulizwa hapo hapo Likoni usiku, mlangoni, na watu wenye mapanga. Kwa miaka mingi nimejiuliza imekuwaje swali moja liwe na nyuso mbili, na ndiyo sababu nimelileta kwenu leo.

NANI MWENYEJI?

Hebu kwanza tuwaone hao wanaoulizana. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 kaunti nzima ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Waliohesabiwa Mvita, yaani kisiwani, walikuwa 154,171 tu. Wengine wote, zaidi ya milioni moja, walikuwa ng'ambo: Kisauni karibu 292,000, Likoni karibu 250,000, na waliobaki Nyali, Jomvu na Changamwe. Mtu akisikia "Mombasa" hufikiri mara moja Ngome ya Yesu na Mji wa Kale, wala hakosei. Lakini jua likichwa, watu wa Mombasa huvuka kwenda kulala ng'ambo.

Je, katika hao mwenyeji ni nani? Hapa watu hujibu upesi, na mara nyingi hujibu vibaya. Chukueni Changamwe. Wengi wetu tukilisikia jina hilo twafikiri reli, malori, matangi ya mafuta na nyumba za wafanyakazi waliotoka bara. Kumbe Wachangamwe ni taifa la kale la Waswahili wa Mombasa. Wao, pamoja na Wakilindini na Watangana, ndio waitwao Thelatha Taifa. Wako tena wengine waitwao Tisa Taifa, na katika hao tisa wamo Wajomvu, Wamtwapa, Wakilifi, Wapate na Wafaza. Yasikilizeni majina hayo vizuri. Pate na Faza ziko huko visiwa vya Lamu. Kilifi na Mtwapa ziko kaskazini mwa Mombasa. Majina yenyewe yana mavumbi ya safari. Ni kana kwamba wazee wa watu hao walipofika Mombasa waliulizwa kwao ni wapi, wakajibu, na jibu likawa jina lao mpaka leo.

Na Wamijikenda je? Wadigo wa Likoni, Wagiriama wa Kisauni, Waduruma, Warabai na ndugu zao, jumla makabila tisa, husimulia kwamba wazee wao walitoka Singwaya, mbali upande wa kaskazini, wakashuka mpaka kwenye kaya zao. Kisha katika karne ya 19 wakaja Wakamba na misafara yao ya pembe za ndovu, na baadhi yao wakakaa. Mwaka 1896 reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa, ikapita Changamwe, ikafika Kisumu mwaka 1901. Reli ile ilipeleka mizigo bara na kurudi na watu. Bandari ya Kilindini ilipopanuka ilihitaji mikono, wakaja Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu, Wataita na wengine. Mwaka 1963 kiwanda cha kusafisha mafuta kikafunguliwa Changamwe, kikasafisha mafuta mpaka mwaka 2013, na watu waliokuja kwa ajili yake wamezaa wana na wajukuu hapo.

Kuna jambo moja la zamani lisilosemwa mara nyingi. Mwezi wa Januari 1947, wafanyakazi wa Mombasa wapatao 15,000, wa bandarini, wa reli na wa kazi nyinginezo, waligoma wakidai mshahara wa kuwatosha. Walikuwa watu wa makabila mengi, wengine hawajakaa Mombasa hata mwaka mmoja. Kila siku walikutana uwanjani kusikiliza wasemaji wao, na uwanja ule wakauita Kiwanja cha Maskini. Hawakuupa jina la kabila lo lote. Walitafuta jina litakalomweka kila mmoja wao ndani, wakalipata.

MAISHA YA UANI

Sasa tuingie ndani ya nyumba. Ninyi mnaokaa Kisauni au Likoni mnaijua nyumba ya Kiswahili: mlango wa mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na nyuma kuna ua wenye jiko, bafu na choo. Chumba cha kwanza kimepangwa na Mjaluo afanyaye kazi bandarini. Cha pili yumo mama wa Kigiriama auzaye mbaazi na mahamri. Cha tatu fundi wa Kikamba, cha nne mjane wa Kidigo, na kuendelea. Vyumba ni sita, lakini choo ni kimoja. Mfereji ni mmoja, na siku nyingi hautoi maji, basi hununuliwa madumu ya mwenye mkokoteni.

Wako watu wanaoeleza habari za makabila mbalimbali kukaa pamoja kana kwamba ni ngoma ya sikukuu, kila mtu na vazi lake na wimbo wake. Mimi naona mambo huanzia kwenye choo. Nani anafagia leo? Nani ameacha sufuria chafu penye mfereji? Nani anakaanga omena saa nne za usiku, na nyumba nzima inanuka? Mambo haya yasipopata mpango, hata mapenzi makubwa hayatadumu. Yakipata mpango, watu wasiopendana sana wanaweza kukaa pamoja miaka ishirini, na siku ya kuhama wakalia.

Na lugha je? Kiswahili chetu wenyewe kina milango mingi. Mtu wa Mvita akisema mtoto "anateka", maana yake anacheka. Mgeni wa kutoka bara hutazama huku na huku kuona ndoo iko wapi. Mpwani hula sima, mtu wa bara hula ugali, na chungu ni kimoja. Mboga iitwayo mnavu hapa Pwani, Mkikuyu akienda kuinunua soko la Kongowea huiita managu, na Mjaluo huiita osuga. Tena ndugu zetu Wajaluo katika lugha yao hawana sauti ya "sh". Mzee aliyekuja Mombasa akiwa mtu mzima atakuambia "sule" na "silingi" mpaka siku atakayorudishwa kwao. Watoto wa nyumbani humcheka, naye huwacheka wao wasipoweza kulitamka jina lake. Huu ni utani, na utani ni kitu kizuri. Naomba mlikumbuke jambo hili la "sule", maana tutalirudia.

Liko jambo jingine ambalo mgeni huenda asilione. Katika nyumba nyingi za Wakristo, siku ya Krismasi, kuku au mbuzi hachinjwi na mwenye nyumba. Huitwa jirani Mwislamu aje achinje. Kwa nini? Kwa sababu mwenye nyumba anajua kwamba sahani zitatoka kwake kwenda vyumba vingine, na hataki jirani ye yote ashindwe kula. Hakuna sheria ya serikali inayomlazimisha. Nayo Idi ikifika, pilau huja upande wa pili, na sahani ile hairudishwi tupu. Hutiwa cho chote, hata ndizi mbili.

Tena kuna msiba. Mwislamu akifa asubuhi, mara nyingi jioni amekwisha kuzikwa, na wanaume wa nyumba nzima wamekwenda kaburini, wakiwemo Wakristo. Lakini Mjaluo akifa, desturi yake ni kurudishwa kwao akazikwe katika boma lake, safari ya mamia ya maili. Hapo hutandikwa turubai nje, watu hukaa jioni baada ya jioni wakichanga pesa za jeneza na gari. Yule mjane wa Kidigo wa chumba cha nne, ambaye katika dini yake maiti hakawii, huona ajabu kumngoja maiti wiki nzima. Hata hivyo huleta mchango wake umefungwa penye ncha ya leso. Nimewaona wanawake wa namna hiyo. Hawakuhudhuria mkutano wo wote wa kufundishwa umoja.

WATU WASIO NA KWAO

Basi sasa tutoke uani, tuvuke daraja la Nyali twende Kisauni, tutazame habari ya watu ambao kwao swali letu lilikuwa gumu kupita wote.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, baada ya Waingereza kumshurutisha kwa kumtuma mjumbe wao, Bartle Frere. Mwaka uliofuata Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza kikaanza kutafuta ardhi Kisauni, ng'ambo ya mji wa Mombasa, na tangu mwaka 1875 manowari zilizokamata majahazi ya watumwa zikawa zikileta watu pale. Mahali hapo pakaitwa Frere Town. Waliletwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wengi, wanaume, wanawake, na watoto walioibwa wakiwa wadogo hata hawakumbuki majina ya vijiji vyao. Wengine walikuwa wamelelewa kwanza India, huko Nasik, wakarudi Afrika wakijua kusoma na kuandika na ufundi mbalimbali. Mmoja wa hao waliotoka Nasik, Matthew Wellington, Myao, alikuwa miongoni mwa watu walioichukua maiti ya David Livingstone kuileta pwani. Alifariki Mombasa mwaka 1935, mzee sana.

Mwulize mtoto wa Frere Town wa siku zile, "Kwenu ni wapi?" Atajibu nini? Lugha ya mama yake ameisahau. Njia ya kurudia haijui. Jirani yake wa kulia ni wa kabila asilolijua, wa kushoto vivyo hivyo. Walipewa Kiswahili kiwe lugha yao, wakaoana Myao kwa Mmakua, wakajenga nyumba, wakalima. Sisemi mambo yote yalikuwa mazuri. Wamisionari walikuwa wakali, na viboko vilitumika. Wenye watumwa wa Mombasa nao hawakupendezwa kuwa na mji wa watu huru mbele ya macho yao. Kengele ilitundikwa ipigwe kuwaonya watu hatari ikikaribia, na mpaka leo mahali pale paitwa Kengeleni. Watoto waliozaliwa pale waliitwa Wamisheni, na wengi wao wakawa walimu, makarani na wakalimani katika nchi nzima.

Mmoja wa watoto hao alikuwa James Juma Mbotela. Baba yake alikuwa Myao aliyeuzwa utumwani akaokolewa baharini. Mwaka 1934 James alitoa kitabu chake kiitwacho Uhuru wa Watumwa, akieleza mambo yaliyowapata watu wale. Mwanawe, Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa mwaka 1940 hapo Frere Town, mnamjua wote kwa sauti, maana tangu mwaka 1966 alikuwa na kipindi chake redioni, Je, Huu ni Ungwana?, akakiendesha kwa miaka mingi sana. Alifariki mwezi wa Februari 2025.

Nataka tulipime kidogo hilo neno ungwana. Siku hizi tukimwita mtu mwungwana, twamaanisha ana adabu. Hasukumi wazee mlangoni mwa matatu, hapigi kelele penye wagonjwa. Lakini zamani hapa Pwani mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, mwenye wazee wanaojulikana, mwenye kwao. Kinyume chake kilikuwa mtumwa. Kwa kipimo hicho cha zamani, mzee Mbotela aliyeshushwa kutoka jahazini hakuwa na ungwana hata chembe. Naye mjukuu wake ndiye aliyekaa mbele ya kipaza sauti, akawauliza Wakenya wa makabila yote, matajiri kwa maskini, kama mwenendo wao ulikuwa wa kiungwana. Sijui kama wasikilizaji wengi walilifahamu jambo hilo. Mimi mwenyewe nilichelewa kulifahamu.

Tena nina kosa la kuungama hapa. Siku moja huko Kisauni nilikaa na bwana mmoja mwenye umri, tukazungumza vizuri, nikamwuliza kwao ni wapi. Akajibu, "Hapa." Nami sikutosheka. Nikasema, "Ndiyo, lakini kwenu hasa?" Alinyamaza kidogo, kisha akanionyesha kwa kidole upande wa makaburi. Akasema, "Bwana, babu yangu yuko pale. Wako yuko wapi?" Babu yangu mimi hakuzikwa Mombasa. Nilitafuta neno la kujibu, nikalikosa.

Hilo neno "hasa" ndilo lililonikwaza. Mtu amekwisha kukujibu, nawe wamwambia jibu lake halijafika. Wamakonde wa Kwale, kusini mwa Likoni, waliishi na "hasa" hiyo maisha yao yote. Wazee wao walikuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, wakabaki bila vitambulisho. Mwezi wa Oktoba 2016 walikwenda kwa miguu kuelekea Nairobi kumwona Rais, na mwaka 1997 ukiwa umepita zamani, mwaka 2017 wakakubaliwa rasmi kuwa kabila la Kenya. Wapemba wakafuata mwaka 2023. Wengine walifariki kabla ya kuipata karatasi hiyo.

USIKU WA LIKONI

Nimeutaja mwaka 1997, basi turudi Likoni. Lakini nianzie miaka mitatu nyuma yake. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe iliyojaa watu waliokuwa wakivuka kwenda kazini ilipinduka karibu na ukingo. Watu 272 walikufa. Walikuwa Wadigo, Wakamba, Wajaluo, Wagiriama, Waislamu na Wakristo, maana ndivyo feri ilivyo kila asubuhi. Likoni nzima ilifanya matanga.

Kisha tarehe 13 Agosti 1997, usiku, watu wenye silaha walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi na kuchukua bunduki. Vibanda na nyumba zikachomwa moto. Vilikuwa vimetolewa vikaratasi vya kuwaambia wabara waondoke warudi kwao. Wajaluo, Wakikuyu, Wakamba na Waluhya waliwindwa katika nyumba walimopanga. Maelfu walikimbilia uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni wakalala pale na watoto wao, na maelfu mengine wakapanda magari kurudi bara. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya mia waliuawa Likoni na sehemu nyingine za Pwani.

Mnaikumbuka habari iliyo katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12? Watu wa Gileadi walivishika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka alishurutishwa kulitamka neno moja, Shibolethi. Waefraimu hawakuiweza ile "sh", wakasema Sibolethi, wakauawa pale kivukoni, watu 42,000. Nao wote walikuwa wana wa Israeli. Niisomapo sura hiyo siwezi kuiona Yordani. Naiona Likoni. Namwona yule mzee wa "sule" na "silingi", amefungiwa chumbani, akiogopa kujibu hodi kwa sababu kinywa chake kitamsaliti. Ulimi ule ule waliokuwa wakimtania nao uani.

Nisingekuwa mkweli nikiishia hapo. Baada ya mashambulio, askari walifanya msako, na vijana wengi wa Kidigo walikamatwa na kupigwa vibaya, wakiwemo wasio na hatia. Wao nao waliulizwa kwao ni wapi, na jibu likawa hatia. Swali lilikuwa limegeuzwa upande tu.

Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoteuliwa mwaka 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila nchini, ilisikiliza mashahidi wengi, na ilionekana wazi kwamba wanasiasa walikuwa na mkono katika jambo hilo. Uchaguzi mkuu ulikuwa Desemba mwaka huo huo wa 1997. Lakini mwenye kuwasha moto huhitaji kuni, na kuni zilikuwako tayari. Katika ukanda huu wa Pwani, uliokuwa wa Sultani chini ya ulinzi wa Waingereza, sheria ya ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mtu adai shamba lake kwa maandishi. Wamijikenda wengi hawakupata hati, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Baada ya uhuru sehemu nyingine zikagawiwa watu wa mbali. Hata leo Mombasa mtu aweza kujenga nyumba kwa jasho lake, nyumba ikawa yake, na udongo ulio chini ukawa wa mwingine anayelipwa kodi. Kijana wa Likoni akikosa kazi bandarini, na mashamba ya babu zake hana, ni rahisi kumwambia kwamba aliyemnyang'anya ni yule anayeuza nyanya kando ya barabara. Muuza nyanya hakumnyang'anya kitu. Yeye naye kapanga chumba.

Shamba moja kubwa la Likoni lililovamiwa na watu mwaka 1997 lilibaki na ugomvi karibu miaka ishirini, mpaka serikali ikalinunua, na mwaka 2016 wakazi wakaanza kupewa hati. Mpaka wa shamba ulipimwa, majina yakaandikwa, na ndani yake mna watu wa makabila mbalimbali. Kazi ya namna hiyo ni ya polepole, haina ngoma, na magazeti huisahau upesi. Mimi naiheshimu kuliko hotuba nyingi za umoja, na hii yangu ya leo ikiwemo.

NA SISI JE?

Msinione nawalaumu wanasiasa peke yao. Mwenye nyumba akitaka mpangaji husema, "Nitafutie mtu wa kwetu." Kazi ikipatikana, mkubwa humkumbuka "mtu wetu". Hata katika makanisa yetu ya ng'ambo tumezoea: ibada hii ni ya Kikamba, ile ya Kijaluo, ile ya Kitaita. Mtu kumwomba Mungu kwa lugha ya mama yake ni haki yake, na mzee aliyefiwa hupata faraja humo asiyoipata kwingine. Lakini nimewahi kuona kanisa ambalo vikundi vitatu vilitumia viti vile vile kila Jumapili kwa miaka mingi, kimoja kikitoka kingine kikiingia, na watu wake hawajuani hata kwa majina. Nyumba ya vyumba sita yenye choo kimoja imewashinda. Huko, angalau, watu hugombana.

Najua wengine watasema tuliache kabisa swali hili, tusiulizane tena makabila. Mimi sikubali. Yule bwana wa bandarini ana haki ya kuwa mtu wa Siaya, na mjane wa chumba cha nne ana haki ya kuwa Mdigo. Wakinyamaza juu ya mambo hayo hawatajua hata jinsi ya kuzikana. Ninachoomba ni kwamba mtu akikujibu umwamini. Akisema "Siaya," mwulize habari za Siaya. Akisema "hapa," iwe hapa.

Muda wetu unakwisha, nami nataka kuwaachieni jambo nililolisikia kwa masikio yangu huko Kisauni, penye mfereji. Mama mmoja mzee alikuwa akichota maji. Akaja kitoto cha kike cha miaka mitano hivi na kidumu kikubwa kuliko yeye. Yule mama hakumtambua. Akamwuliza, "We mwanangu, kwenu ni wapi?" Kitoto kikageuka, kikanyosha kidole kwenye nyumba ya tatu, penye mlango wa kijani ulioanikwa leso. "Kwetu ni pale," kikasema. Mama akamjazia kidumu, akamsaidia kukibeba mpaka mlangoni.